Vifuko vya Masika

Sitasimulia nilivyofika Tulizo. Njia ilikuwa ndefu, miguu ilivimba, basi. Ninachotaka kueleza ni yale niliyoyaona baada ya kufika, maana nilikaa huko miezi miwili, na kwa mtu aliyefanya kazi ya ukunga miaka ishirini na tisa kama mimi, nchi ile inachosha kichwa na kuuma moyo kwa pamoja.

Watu wa Tulizo ni wapole. Hawagombani njiani, hawapigi kelele sokoni, na mgeni akiingia nyumbani hupewa kigoda kabla hajaulizwa jina. Miili yao ni kama yetu, na kufa wanakufa kama sisi. Tofauti iko kwenye visima. Kila nyumba ina kisima kidogo uani, kisichofika kiunoni kwa kina, na siku zote ni kikavu. Mwanamke wa nyumba hiyo akishika mimba, kisima huanza kujaa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na maji hupanda kadiri mimba inavyokua. Saa ya kuzaa ikifika, ukingo hupasuka, maji yanatapakaa uani, na jirani wote wanajua. Yaani kile ambacho kwetu kimefichwa tumboni, kwao kiko wazi, na ukitaka unaweza kuchovya kidole.

Ndani ya maji hayo mna vifuko. Havionekani kwa macho. Maelfu kwa maelfu vinaweza kukaa juu ya ukucha mmoja bila kubanana. Vinatoka kwa mtoto, na kila kimoja kimebeba habari zake: mapafu yamefikia wapi, figo zinafanyaje kazi, anakua au amesita. Mtoto hawezi kusema, kwa hiyo anatuma vifuko. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikakaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nikiweka mkono kwenye matumbo ya wanawake na kukisia, kumbe iko nchi ambako mtoto mwenyewe anatuma habari.

"Na anasema nini?" nikauliza.

Mwenyeji wangu alikuwa mwanamke kijana aitwaye Siwema, msuka vikapu, mwenye mimba ya miezi saba. Alinitazama kama niliyeuliza mwezi unauzwaje.

"Hilo hatulijui, mama," akasema. "Vifuko havifunguliwi."

Nikadhani ni mwiko. Siyo. Ni sheria, na sababu yake imeandikwa vizuri kabisa. Kifuko kikifunguliwa si kifuko tena. Na kwa kuwa si kifuko, kilichotoka humo hakiwezi kusemwa kimetoka kwenye kifuko. Kwa hiyo wanaovifungua watakuwa wamejua kitu kisichojulikana kimetoka wapi, na Tulizo haipendi mambo ya namna hiyo. Wanavichunguza kwa nje tu.

Uchunguzi hufanywa na Nyumba ya Uthibitisho, jengo refu jeupe katikati ya mji, lenye madirisha mengi na milango miwili. Mimba ikifika mwezi wa tisa, mama huletewa mtungi uliofungwa kwa nta, huchota maji ya kisima chake mbele ya mashahidi wawili, na mtungi hupelekwa. Kwanza maji huzungushwa katika gurudumu linalosukumwa na wanaume wanane, kwa kasi inayotia kizunguzungu hata kwa anayetazama, ili vifuko vizame na uchafu ubaki juu. Vingi hupasuka humo. Niliuliza kuhusu hivyo vinavyopasuka, nikajibiwa kwamba kilichopasuka hakikuwa imara, na kisicho imara hakihesabiwi.

Vilivyosalia hupitia majaribio manne. Vinahesabiwa. Vinapimwa upana. Vinakaguliwa kama vina mihuri mitatu, maana kila kifuko cha kweli hubeba mihuri mitatu kwenye ngozi yake, na iko karatasi maalum inayobadilika rangi ikigusana na mihuri hiyo. La mwisho ni umbo. Tone la maji huwekwa juu ya kigae cheupe, kigae huanikwa juani mpaka kikauke, kisha mtazamaji huinama kwenye kioo cha kukuzia. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kuliko mlango: KIFUKO CHA KWELI KINA UMBO LA BAKULI.

Na bakuli limeingia kwenye kila kitu cha Tulizo. Mama mjamzito hupewa kibakuli cha udongo na mama mkwe wake, akakiweka rafuni mdomo ukiwa chini, na siku ya kupata cheti anakigeuza mdomo juu. Watoto wakichezea mchanga wanachora mabakuli. Watu wakipongezana wanakutanisha viganja viwili na kuvikunja kidogo. Ni ishara nzuri, na mpaka leo mikono yangu huifanya bila kukusudia.

Wenye elimu wa Nyumba hawakosi la kujadili. Walikaa miaka kumi na mmoja kubishana vifuko viitwe vifuko au viitwe vibahasha, na upande wa vibahasha ulipata nguvu sana kwa muda. Baadaye wakakubaliana kwamba kila anayeandika aseme kwanza amechagua jina gani na kwa nini, kwa kurasa zisizopungua tatu. Nilisoma taarifa moja kuhusu mwanamke wa mtaa wa mashariki. Kurasa tatu za jina, kurasa tisa za gurudumu, na mama mwenyewe ametajwa mara moja, pale walipoeleza maji yametoka wapi. Ningecheka kama nisingekumbuka karatasi zangu mwenyewe. Mara ngapi wodini nilikuwa nikijaza fomu nimempa mgongo mama anayeniita? Mara nyingi. Nilikuwa na mwandiko mzuri pia.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama si cheti. Maji yakifaulu majaribio yote manne, mtoto anaandikwa kuwa Mtumaji, na mama anakuwa na haki ya mkunga. Yakishindwa hata moja, anaandikwa kuwa wa Kudhaniwa. Wakunga wa Tulizo huapa kutogusa uzazi wa mtoto wa kudhaniwa, kwa hoja kwamba huwezi kumpokea mtu ambaye hajathibitika kwamba yuko njiani. Mama anajifungua peke yake, na kikitokea kilichotokea, hakuna aliyefariki, maana hakuna aliyekuwepo.

Siwema alikuwa na kibakuli cha zamani rafuni, mdomo chini, kimeshika vumbi. Kando yake palikuwa na kipya. Mwanzoni sikuuliza. Siku moja asubuhi tulikuwa tunasugua ukingo wa kisima, akanieleza bila kuacha kusugua.

"Wa kwanza alikuwa miaka mitatu iliyopita. Maji yalishindwa kwenye umbo. Vilikuwa vya duara, wakasema."

"Mkunga hakuja?"

"Alikuja mpaka mlangoni. Akalia, akarudi." Alisuuza kitambaa. "Makungu ndiye aliyenishika. Naye angejua nini, maskini? Mtoto alilia mara moja, mama. Mara moja tu. Nilimsikia."

"Naam."

"Wakaniambia nilidhani. Wanawake wa masika wanadhani sana, ndivyo wanavyosema. Sisi tunaobeba mpaka mvua zikatukuta." Halafu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekutaka usilie. "Na huyu naye amenipeleka kwenye masika. Sijui wananichagulia."

Makungu, mumewe, alikuwa karibu akianika nguo. Ni mtu wa maneno machache, anayefua zake na za mkewe bila kuambiwa. Alisimama na shuka mkononi, kisha akaendelea kuanika.

Wiki iliyofuata maji yalichotwa, na siku hiyohiyo mvua ikaanza. Ilinyesha siku tano mfululizo na kuendelea, ile ya kushuka tu bila ngurumo.

Mtazamaji aliyepewa maji ya Siwema alikuwa Bi Tunu, binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, aliyezoea kuinama kwenye kioo mpaka shingo yake imepinda kidogo upande wa kushoto. Siku ya tano alikuja nyumbani mchana, amelowa, jambo lisiloruhusiwa, maana mtazamaji hapaswi kumjua mama. Alisimama barazani.

"Mwanangu, ingia kwanza," nikamwambia. "Utaugua, halafu tukuuguze sisi."

Nilikuwa jikoni nakaanga maandazi. Siwema alikuwa amekaa mkekani na kazi yake ya ukindu. Bi Tunu hakumwangalia usoni. Akasema idadi ni nzuri, upana ni mzuri, mihuri yote mitatu ipo na rangi imekolea kuliko alivyowahi kuona.

"Umbo?" Siwema akauliza.

"Vya duara."

Ukindu ukaanguka. Siwema hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili tumboni na kukaa hivyo, na mimi nikageukia karai langu, maana nilikuwa na hasira na sikutaka aione. Nikakaanga maandazi mengi kuliko watu waliokuwepo.

"Sikuelewa," Bi Tunu aliendelea, kama anayejitetea mbele ya mtu asiyemshtaki. "Kigae hakikukauka. Nimengoja siku tatu jua halitoki. Sheria inasema jibu litoke kabla ya siku ya tano, kwa hiyo nimetazama tone likiwa bado bichi. Nimeandika nilichoona. Nisingeweza kuandika kingine, dada. Nisamehe."

Nikamwekea sahani, nusu ya maandazi ya jana na nusu ya sasa hivi. Kwa adabu alichukua moja. Akalishika bila kula. Lilikuwa la jana, na kama mnavyojua, andazi lililokwisha kulala huzama katikati na kubonyea, hata likiwa lilivimba vizuri namna gani kwenye mafuta. Akachukua la pili, la moto, limejaa. Akayaweka yote mawili kiganjani, akayatazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani yana nywele.

"Mama, haya ni unga mmoja?"

"Unga mmoja, mkono mmoja. Hilo ni la jana tu."

"Lilikuwa hivi?" Alionyesha lile la moto.

"Lilikuwa hivyo hivyo. Limekauka."

Bi Tunu aliweka maandazi chini taratibu. Kisha akaanza kulia, si kwa huzuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika Nyumba ya Uthibitisho, akitazama vifuko vilivyoanikwa juani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza vilikuwaje kabla ya jua.

Tukaomba kusikilizwa. Baraza la Nyumba hukaa siku ya tatu ya kila wiki, chini ya Mpimaji Mkuu, Bwana Shekue. Huyu alikuwa mzee mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini. Sifa yake inajulikana na kila mtoto wa Tulizo: yeye ndiye aliyeanzisha jaribio la umbo, miaka arobaini iliyopita, na maji ya kwanza kabisa kukataliwa kwa jaribio hilo yalikuwa ya mkewe. Hakujipendelea. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mtoto wake ni wa kudhaniwa, na hakupata mwingine. Mahakimu wa Tulizo huapa kwa kisa hicho. Mimi nilipokisikia sikujua nimwonee huruma au nimkimbie.

Barazani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Bi Tunu alieleza kuhusu tone bichi na tone kavu. Akaweka maandazi mawili mezani. Mjumbe mmoja akauliza kama maandazi hayo yamethibitishwa. Mwingine akasema hoja ni nzuri lakini imetoka jikoni, na jikoni si mahali palipopimwa. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kama mvua ina athari kwa vitu, nayo ianze kazi kiangazi, wakati wajumbe hawatalowa. Pendekezo hilo liliungwa mkono.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Sikumbuki nilisema nini chote. Nakumbuka nilisema, "Mwanamke anazaa wiki hii, ninyi mnangoja jua!" na mengine ambayo mtu wa umri wangu hayasemi. Tulizo hawana faini kwa kosa hilo. Anayepaza sauti barazani hupewa kikombe kilichojaa maji mpaka ukingoni akishike, na haruhusiwi kusema tena hadi uso wa maji utulie. Nikapewa kikombe changu. Maji yalitetemeka, na kadiri nilivyojitahidi yatulie ndivyo yalivyozidi.

Kwa hiyo ilibidi Bi Tunu aendelee peke yake, naye hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Akaomba jambo dogo tu, kwamba daftari la waliokataliwa kwa umbo lisomwe, na msomaji asitaje majina ya mama wala mitaa, ataje msimu tu.

Karani akafungua. "Masika," akasoma. "Masika. Masika. Vuli. Masika. Masika."

Mwanzoni wajumbe waliendelea kunong'onezana. Karani akageuza ukurasa. Masika, masika, vuli, masika. Minong'ono ikaanza kupungua. Ukurasa wa nne mtu mmoja alivua miwani akaifuta na kuishikilia tu mkononi. Miaka arobaini ya daftari, na hapakuwa hata na msimu mmoja wa jua. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwenye bati, na kila mtu mle ndani aliisikia.

"Inatosha," mjumbe mmoja akasema.

"Haitoshi," Bwana Shekue akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Rudi mwanzo. Soma wa kwanza."

Karani akasita. "Mzee, huyu binti ameomba tusitaje..."

"Soma msimu."

Karani akageuza kurasa zote nyuma. Akasafisha koo. "Masika," akasema.

Bwana Shekue aliweka mkono juu ya andazi lililobonyea, bila kulibonyeza, akauacha pale. Sikuwahi kuona mtu akizeeka mbele yangu, siku hiyo niliona. Na kile kikombe changu, sijui vipi, maji yalikuwa yametulia.

Ndipo Makungu alipoingia. Alikuwa amelowa mwili mzima, na kutoka magotini kushuka maji yale hayakuwa ya mvua, yalitoa mvuke.

"Kisima kimepasuka," akasema. "Nimepita kwa mkunga. Amefunga mlango. Nimemsikia analia nyuma ya mlango."

Mjumbe aliyependekeza kamati akasema suala bado liko mbele ya baraza, na kwamba kabla halijaamuliwa mtoto yule hayuko wala hakosi kuwepo. Sikungoja mwisho wa sentensi. Niliweka kikombe mezani kwa Bwana Shekue, nikampita, nikatoka, na Bi Tunu akanifuata na viatu mkononi. Sheria ya Tulizo haisemi lolote kuhusu mkunga mgeni. Nafikiri hawakuwahi kufikiria kama angekuja.

Siwema alikuwa amejishika kwenye nguzo ya uani, maji yote ya kisima yametapakaa miguuni pake, yakichanganyika na ya mvua. Tulimwingiza ndani. Alikuwa mwanamke jasiri. Alifanya kila nilichomwambia, na pale aliposhindwa alinitukana, kama inavyotakiwa. Makungu alimshika mgongo. Bi Tunu alichemsha maji na kupasua shuka, na mara mbili alitoka nje kutapika, akarudi.

Kichwa kilipotoka nikaona kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, mizunguko miwili, kimekaza. Ni jambo la kawaida. Unaingiza kidole, unalegeza, unapitisha juu ya kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Haichukui muda wa kusema jina la mtu. Nikafanya, mtoto akateleza akatoka, akakaa kimya, nikamsugua mgongo kwa kitambaa kikavu, na akalia. Akalia, akalia tena, akaendelea kulia.

Na mimi nikiwa bado nimemshika, nikamfikiria wa kwanza, aliyelia mara moja. Huenda kilikuwa kitovu, huenda kilikuwa kitu kingine, sikuwepo. Lakini najua ninavyojua mikono yangu kwamba kidole kimoja cha mtu aliyefundishwa kingetosha kujaribu. Sikumwambia Siwema. Nilimlaza mtoto kifuani kwake, nikaenda kunawa, na huko nilikonawia nikalia mpaka nikapata nafuu.

Alikuwa mvulana. Makungu alipika uji. Alitafuta chombo, akasimama mbele ya rafu, akachukua kibakuli kipya. Halafu akairudia rafu, akachukua na kile cha zamani, akakipangusa vumbi kwa shati lake, akajaza vyote viwili na kuviweka kando ya mkewe. Siwema alikula cha zamani kwanza.

Nitasema hapa yaliyofuata baadaye kwa wenye elimu, ili yasiniharibie mwisho. Kamati ilikaa kiangazi. Iligundua kwamba vifuko ni vya duara na kwamba bakuli ni kazi ya jua. Maandishi ya ukutani yakafutwa, na sasa pameandikwa, kwa herufi kubwa zilezile, KIFUKO CHA KWELI NI CHA DUARA, na nimesikia kuna mama wa kiangazi aliyekataliwa. Vifuko bado havifunguliwi. Bi Tunu ameniandikia kwamba anafungua kimoja kimoja kwa siri, na kwamba mpaka sasa alichosoma kinahusu mapafu tu, ila kinahusu mapafu kwa namna ya kumtoa mtu machozi.

Lakini siku ile, kabla ya magharibi, mvua ikiwa haijakatika, mtu alibisha hodi. Alikuwa Bwana Shekue, peke yake, koti limemgandia mwilini, na chini ya koti amekumbatia daftari. Makungu alimtazama mlangoni kwa muda wa kutosha kumfungia mtu mlango. Kisha akasogea na kumpa kigoda.

Mzee hakuomba kumwona mtoto. Alikaa, akavua kofia akaipakata, akafungua daftari kwenye ukurasa wa miaka mitatu nyuma. Mikono yake ilikuwa imelowa na wino wa pembezoni ukaanza kutambaa.

"Binti," akasema, "yule wa kwanza. Hapa kuna nafasi, hatukuijaza. Alikuwa anaitwa..."

"Mwamvua," Siwema akasema.

Alikuwa nalo tayari. Alilisema kabla mzee hajamaliza kuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyebeba mzigo miaka mitatu akiambiwa mikono yake ni mitupu. Makungu aligeuka ukutani. Bwana Shekue akaandika polepole, herufi moja moja. Akakata neno *wa kudhaniwa* kwa mstari mmoja, akapuliza wino, na hakufunga daftari.

"Ni kazi ndefu," akasema. "Miaka arobaini. Nitapita nyumba zote." Halafu akageuza kurasa zote mpaka mwanzo, akautazama ukurasa ule wa kwanza. "Huu sijui niandike nini. Mke wangu Zaina alikuwa na jina la mtoto. Nilijua analo, alikuwa akilisema peke yake jikoni, nami nikipita ananyamaza. Sikuwahi kumwuliza."

"Bado yuko?" nikauliza.

"Yuko nyumbani."

Siwema alimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda la pili. "Sasa umekaa hapa unafanya nini, baba?" akasema. "Nenda kamwulize."

Mzee alisimama, akalikumbatia daftari, akatoka kwenye mvua akienda kwa haraka ambayo magoti yake hayakuiweza. Tulimsikia akiteleza kwenye matope ya uani, pale maji ya kisima yalipomwagikia, na kuendelea. Kofia yake aliisahau sakafuni kando ya kigoda.